Kumtembeza Mama Gerson

Treni ya bara ilichelewa saa mbili, na Veridiana alizishukuru zote mbili. Kila dakika ambayo treni haikufika ilikuwa dakika ambayo bado alikuwa na mchumba.

Alisimama kwenye stesheni ya zamani ya Dodoma, shati la kampuni limenyooshwa vizuri, mkononi ameshika kibao cha "Karibuni Akina Mama wa Goweko". Ilikuwa Julai na kulikuwa na baridi ya kuvalia sweta, lakini mgongo wake ulikuwa umelowa jasho. Miaka mitatu amewatembeza wageni katika mji mkuu huu. Amewatembeza Wajerumani, wachungaji, wanafunzi wenye kelele, hata maharusi waliogombana mchana kweupe katika Uwanja wa Nyerere wakarudi hotelini kila mtu na bajaji yake. Hao wote hawakuwahi kumtetemesha. Leo alitetemeshwa na akina mama ishirini na wawili wa kanisa la Moraviani, wakulima wa tumbaku, waliochangishana wakaja kuona mji mkuu.

Tuseme ukweli, alitetemeshwa na mmoja tu. Mwenyekiti wao, Mama Recheli, ndiye aliyemzaa mchumba wake, Gerson.

Simu ilitikisika mfukoni. Ujumbe ulikuwa wa Gerson, kutoka Urambo alikokuwa bwana shamba.

"Usiogope mpenzi wangu. Fanya kama tulivyopanga. Akikupenda kabla ya kukujua, hatakuwa na pa kurudia."

Mpango wenyewe ulikuwa wa Gerson, na mtu akiwa na mapenzi hupanga mambo ambayo hata mwendawazimu angeyafikiria mara mbili. Mama yake alikuwa amekataa katakata. Alisema binti wa Ulyankulu, mjukuu wa wakimbizi waliotoka Burundi, Mkatoliki juu yake, hataingia nyumbani mwake, na hakutaka hata kuonyeshwa picha yake. Basi Gerson akawashawishi akina mama watumie kampuni anayofanyia kazi Veridiana, akamwambia mpenzi wake ajiite Vero, jina la baba aliache nyumbani, amtembeze mama siku nzima kwa upole. Jioni, mama akishapanda treni akiwa amemsifu mpaka basi, Gerson angempigia na kumwambia huyo unayemsifu ndiye yule unayemkataa. Veridiana alikubali kwa sababu alimpenda Gerson, na kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Usiku wa kuamkia leo hakulala.

Treni ikaingia. Akina mama wakashuka na vikapu, na blanketi, na kuku mmoja ambaye hakuna aliyeeleza alikuja kuona nini. Wa mwisho kushuka alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, kilemba cheupe kichwani, macho yake yale yale ya Gerson.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa kututembeza? Mbona mdogo hivi? Unaitwa nani?"

"Vero, Mama."

"Vero wa wapi?"

"Wa... Tabora, Mama."

"Ala! Tabora!" Mama Recheli akawageukia wenzake. "Jamani, tumepata mtoto wa nyumbani! Tabora ya wapi, mwanangu?"

Aliyemwokoa Veridiana alikuwa dereva wa Kosta yao, Chilongani, Mgogo wa miaka hamsini na kitu mwenye tumbo la kuridhika, aliyekuja akipiga makofi.

"Haa! Wapagazi wamefika! Mbona leo hamna mizigo kichwani? Nani kawabebea?"

"Kimya wewe, ombaomba!" akina mama wakamjibu kwa sauti moja, na kicheko kikalipuka stesheni nzima.

Wanyamwezi na Wagogo ni watani. Zamani za misafara, Wanyamwezi walibeba pembe kutoka Tabora mpaka pwani kwa miguu, na katikati palikuwa na Ugogo, nchi kavu yenye visima vya kuhesabika. Watemi wa Kigogo waliwazuia njiani mpaka walipe hongo ndipo wanywe maji na kupita. Wazee wale waligombana sana, na wajukuu wamerithi kicheko cha ugomvi ule. Mtani anaweza kukutukana msibani, anaweza kukwapua kuku wako harusini, na ukinuna unaonekana hukulelewa.

Veridiana akawapandisha garini huku wakiendelea kutupiana maneno, akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Lakini alijua hajapona. Siku ndiyo kwanza inaanza.

Walianzia stesheni mpya ya treni ya umeme, maana kila mgeni anayetoka bara huitaka hiyo kwanza. Akina mama walitembea juu ya sakafu inayong'aa kama wanaoogopa kuichafua. Kufika kwenye ngazi zinazojiendesha, wakasimama wote.

"Hizo zinakwenda wapi?" akauliza mmoja.

"Juu tu, Mama. Unakanyaga, unashika ukingo, zinakupeleka zenyewe."

"Na zisiposimama?"

Hakuna aliyesogea. Mama Recheli, kwa kuwa ndiye mwenyekiti, akajikaza. Akainua mguu, akaurudisha. Akauinua tena. Kisha, bila kumtazama, akaukamata mkono wa Veridiana kwa nguvu kama anayevuka mto.

"Usiniachie, mwanangu."

"Sikuachii, Mama."

Wakakanyaga pamoja. Mama Recheli alifumba macho, midomo ikisali. Veridiana aliutazama ule mkono uliomshika, mkono uliomlea Gerson. Alitamani ngazi zile ziendelee kupanda tu, zisifike. Zikafika.

Mama Recheli hakuuachia mkono hata walipokanyaga sakafu. Aliugeuza, akautazama kiganja.

"Mkono wako una sugu. Wewe umelima."

"Ndiyo, Mama. Nyumbani tulilima tumbaku. Nimechuma, nimefunga, nimechochea moto kwenye bani la kukaushia mpaka kope zikaungua."

"Ninajua mtoto wa jasho nikimwona," Mama Recheli alisema, akacheka. "Mwanangu Gerson yuko hukohuko kwenye tumbaku. Kama hujachumbiwa..." Uso ukabadilika. "Basi, tuyaache. Ana mtu wake yule, na ananiua naye."

Veridiana akaomba radhi, akaenda maliwatoni. Alifungulia bomba, akasimama akiyatazama maji. Ukiondoka sasa, alijiambia, utasema umeumwa tumbo. Akanawa uso, akarudi.

Kutoka hapo Chilongani akawapandisha mpaka kwenye miamba ya kilimani, pale wageni wanapopelekwa kuutazama mji wote kwa mara moja. Veridiana akawaonyesha paa la Bunge, msikiti mkubwa, kanisa kuu, barabara mpya zinazoingia porini, na mashamba ya zabibu kwa mbali. Sauti yake ilikuwa imara. Kazi alikuwa anaijua hata akiwa usingizini.

Akina mama wakatawanyika kupigana picha. Mama Recheli akakaa juu ya jiwe, akapapasa pembeni yake. "Kaa hapa, Vero. Miguu yangu si ya kupanda majabali tena."

Veridiana akakaa.

"Una mama?"

"Ninaye. Yuko kijijini."

"Ukichumbiwa, msikilize. Mimi wangu hanisikilizi. Amependa binti wa Ulyankulu." Alilitamka jina hilo kama mtu anayegusa jino bovu. "Watu wanadhani mimi nina roho mbaya. Mchungaji mwenyewe amenisema. Wewe ni mtoto wa Tabora, nitakueleza, maana hunijui na kesho hunioni."

"Ndiyo, Mama."

"Nilikuwa na mdogo wangu, Advera. Mama yetu alifariki tukiwa wadogo, nikamlea mimi. Akaolewa hukohuko Ulyankulu, na kijana mzuri tu, simsingizii. Wakakaa miaka sita. Kisha wakaamua kurudi kwao Burundi na wenzao. Siku ya kuondoka Advera akaja kwangu na mtoto mgongoni, akala ugali wangu, akaniambia, 'Dada, tunakwenda kusalimia tu, mwezi ujao nipo.' Nikamfungia karanga za njiani. Nikamsindikiza mpaka barabarani ninacheka. Nyumba alikwisha kuiuza, Vero. Kila mtu kijijini alijua, isipokuwa mimi. Alinidanganya ili nisilie. Huu mwaka wa kumi na tano, sijui kama yu hai."

Upepo wa kilimani ulikuwa mkali.

"Kuondoka mtu huondoka," Mama Recheli aliendelea. "Hata Gerson anaweza kwenda Mwanza asirudi. Ila ningemuaga mdogo wangu. Ningelia siku ile, yakaisha. Hicho alichoninyima ndicho kinachoniuma mpaka leo. Sasa nimkabidhi na mwanangu kwa watu walewale? Sitaki. Afadhali wanichukie."

Alimpiga Veridiana begani kidogo, kama kumshukuru kwa kumsikiliza, akainuka.

Veridiana hakuweza kuinuka. Hofu aliyokuja nayo asubuhi ilikuwa hofu ya kugunduliwa. Hii iliyomwingia sasa ilikuwa kubwa zaidi: hofu ya kutogunduliwa. Mpango wa Gerson ungefaulu. Mama huyu angempenda, angepanda treni na furaha yake, na jioni angepigiwa simu aambiwe amedanganywa siku nzima, mwanawe akijua, yeye hajui. Angepigwa pale pale palipo na kidonda. Akatoa simu amwandikie Gerson, akairudisha mfukoni. Aandike nini? Mama yako amenieleza?

Na akisema kweli? Basi hana Gerson. Ni rahisi hivyo tu. Gerson alimwapia kwamba bila baraka za mama hatafunga ndoa, maana baba yake alikwisha kufa na mama ndiye aliyebaki. Veridiana alipenda hata kiapo kile. Sasa kilimkaba.

Chakula cha mchana walikula shambani kwa mkulima mmoja wa zabibu nje kidogo ya mji, chini ya paa la makuti, wali na kuku wa kienyeji. Mama Recheli akasali, sala ndefu ya Kimoravia yenye kumkumbuka kila mtu. Aliposema amina, mkono wa Veridiana ukainuka wenyewe kwenda kwenye paji la uso kufanya ishara ya msalaba, kama ulivyofanya tangu utotoni. Akaushtukia umekwisha kufika. Akajifanya anafuta jasho. Mama mmoja mkabala naye alimtazama kwa muda, kisha akarudi kwenye sahani yake. Veridiana hakumeza hata tonge moja la haja.

Wakazunguka shambani, wakaonja zabibu, wakanunua zabibu kavu za wajukuu, wakakataa mvinyo kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika. Saa tisa ikawa muda wa kwenda kuliona Bunge, kituo cha mwisho kabla ya treni. Lakini walipoifikia Kosta, Chilongani alikuwa amesimama mlangoni, funguo mfukoni, mikono kifuani.

"Hamuondoki."

"Ee?"

"Mmetembea katika nchi yangu tangu asubuhi. Mmekunywa maji yangu, mmekula zabibu zangu, mmekanyaga majabali yangu. Babu zenu walilipa hongo. Nyinyi mmelipa nini?"

Akina mama wakapiga vigelegele. Hili walilijua, na walikuwa wakilisubiri tangu stesheni.

"Tukupe kuku!" mmoja akasema.

"Kuku gani huyo, amekonda kama Mnyamwezi! Sitaki." Chilongani akaangaza macho, kisha akamnyooshea kidole Veridiana. "Namtwaa huyu. Ni mtoto wa Tabora, kasema mwenyewe. Nina kijana wangu, Nestory, ana ng'ombe kumi na wawili na hana mke. Huyu anabaki Ugogo. Anayemtaka, amkomboe. Na wa kumkomboa awe mwenye mtoto, si mpita njia!"

Alikuwa anatania. Kila mtu alijua anatania. Lakini mtani akishika mtu, si yeyote tu anayeweza kumkomboa. Anayetoa fidia anakuwa amesema mbele za watu, huyu ni wangu. Veridiana aliyajua hayo tangu utoto, na alipomwona Mama Recheli akipita katikati ya wenzake, alitikisa kichwa. Hapana, Mama, alisema moyoni. Usije wewe. Aje mwingine yeyote.

Mama Recheli akainua mikono, akakifungua kilemba chake cheupe. Nywele zake zilikuwa za mvi, zimesukwa mistari minne. Akina mama wakaguna; hakuna aliyewahi kumwona mwenyekiti kichwa wazi hadharani. Akakitupia kilemba begani kwa Chilongani.

"Shika, Mgogo. Huyu haozwi kwenye vumbi lenu. Mwenye mtoto ni mimi. Namchukua awe mkwe wangu, na yule wa Ulyankulu atajijua mwenyewe!"

Vigelegele vilipanda mpaka ndege wakaruka mizabibuni. Mtu akaanza wimbo. Mama Recheli akamvuta Veridiana kifuani huku akicheka, na kifua chake kilinukia moshi wa bani, moshi uleule wa nyumbani kwao. Veridiana akajua kwamba akinyamaza sasa, hatapata tena saa ya kusema.

"Mama," alisema.

"Eee, mkwe wangu."

"Mama, niachie kwanza. Nisikilize." Akajitoa mikononi mwake, akapiga magoti palepale kwenye mchanga. "Mimi ndiye yule wa Ulyankulu. Naitwa Veridiana. Baba yangu ni Aleksi Nijimbere. Mimi ndiye mchumba wa Gerson."

Wimbo ulikatika. Kuku alilia kikapuni. Mama Recheli alisimama na tabasamu lililosahaulika usoni, kama mtu ambaye habari haijamfikia.

"Unatania," alisema.

"Sitanii, Mama. Tangu asubuhi ninakudanganya. Nilitaka unipende kwanza. Pale kilimani uliponieleza habari za Advera, nilitamani ardhi inimeze. Sikuweza kukuacha upande treni, mimi na Gerson tunajua, wewe hujui." Machozi yalikuwa yanamwingia mdomoni. "Ukinikataa nitaelewa. Ila nimekuambia mimi mwenyewe, hukuambiwa na mtu."

Mama Recheli akarudi nyuma hatua moja, akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye ngazi ya Kosta. Ghafla alionekana mzee. Hakuna aliyethubutu kumkaribia.

"Nipigieni Gerson," alisema mwishowe.

Mmoja wa akina mama akapiga, akaweka sauti ya nje. Simu haikuita hata mara mbili.

"Mama! Mmefika wapi? Mnafurahi?" Sauti ya Gerson ilikuwa na wasiwasi uliojipaka furaha. "Na huyo binti anayewatembeza, vipi, mzuri?"

"Nimempenda," Mama Recheli alisema.

"Kweli, Mama?"

"Nimempenda. Wewe ndiye sijui kama bado ninakupenda. Amekwisha kuniambia."

"Mama, mimi..." Gerson akaanza.

"Mwanamume mzima," Mama Recheli akasema polepole, "unamtuma mtoto wa watu akanidanganye, wewe umekaa Urambo. Nilikufundisha hivyo mimi? Tutaonana nyumbani." Akakata.

Kisha akamtazama Veridiana. Alimtazama muda mrefu, na Veridiana, akiwa bado magotini, alihisi anapimwa kama jani la tumbaku mbele ya mnunuzi, linavyogeuzwa huku na huku. Hakuinamisha macho. Aliogopa sana, lakini hakuyainamisha.

"Ukija siku moja ukataka kwenda," Mama Recheli aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepasuka, "wewe na mume wako na watoto, mkataka kwenda mbali, utaniambia?"

"Nitakuambia, Mama."

"Hata ukijua nitalia?"

"Nitakuambia ulie, na mimi nitakaa ulie mpaka umalize."

Mama Recheli akafuta pua kwa mgongo wa mkono. Wenzake walisimama na mifuko yao ya zabibu wasijue waweke wapi macho.

Chilongani, maskini, ndiye aliyeona aibu kuliko wote. Utani wake ulikuwa umefukua kaburi. Akasogea kwa adabu, akakivua kile kilemba begani, akakikunja vizuri, akamnyooshea mwenyewe kwa mikono miwili.

"Mama, unisamehe. Sikujua. Chukua kilemba chako, tuhesabu sikusema kitu."

Mama Recheli alikitazama kilemba. Akamtazama Veridiana mchangani. Kisha akaukunja uso, akamgeukia Chilongani kwa ukali uliowashtua hata wenzake.

"Wewe Mgogo una akili? Umeona wapi mtu akakombolewa, halafu fidia ikarudishwa?"